Niko na Peji Moja Tu

Mwamjua huyu mtu. Umekaa saiba nusu saa, fomu zimelala mapajani, mbele yako laini ina watu watano. Ghafla mlango wafunguka, mtu aingia anahema, aenda moja kwa moja mpaka kaunta: "Samahani jamani, mie niko na peji moja tu." Na watu wote wanamtolea lile jicho.

Mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa kaunta. Saiba ni ya ami yangu, iko kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, hapa Mji wa Kale. Nilianza kukaa pale nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda. Mchana naprinti na kuskani vyeti vya watu, usiku nahariri video zangu.

Leo sina klipu ya kuwachekesha. Nataka tuzungumze juu ya kitu kilicho ndani ya simu uliyoshika sasa hivi: nani huamua zamu ni ya nani, na nani humkagua huyo anayeamua. Nimejifunza haya kwa sababu niliwahi kuamua zamu vibaya, na aliyelipa hakuwa mimi.

Kompyuta yenye nguvu pale saibani ilikuwa moja, ile ya kaunta. Kusema ina nguvu ni kuipamba. Ilikuwa mtumba, prosesa ya kori mbili, tumeiwekea Linux kwa sababu mfumo wa kwanza ulikuwa ukiganda kila saa. Usiku mmoja nilikuwa narenda video ya harusi ya mteja, nimeahidi kuikabidhi asubuhi, na ule mstari wa asilimia ulikuwa watambaa kama konokono. Nikafanya ujanja niliousoma mahali. Nikafungua terminali, nikaandika amri ya renice na nenosiri la msimamizi, nikaipa programu yangu ya video nambari -10. Mstari ukaanza kukimbia. Nikajiona fundi.

Saa nne na kitu usiku akaingia msichana wa miaka kama 18, yuko na mamake. Ombi la ufadhili wa masomo, mwisho saa sita usiku. Skana iko kwenye kompyuta ya kaunta, kwa hivyo nikampa kiti changu. Video nikaificha chini ya skrini. Sikuisimamisha.

"Kaa hapa dadangu, hii ni kazi ya dakika kumi."

Brauza ikaanza kuganda. Tukibonyeza, jibu laja baada ya dakika. Tukiskani cheti, picha yatoka nusu halafu yasimama. Fomu ikamtoa nje mara mbili kwa sababu ilichoka kungoja. Mimi nikalaumu intaneti, nikawasha rauta upya, nikajaribu bando la simu yangu. Saa sita na dakika tatu tovuti ikatwambia muda umekwisha.

Mamake hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ni mtandao?"

Nikamjibu, "Ndio mama, ni mtandao."

Haukuwa mtandao.

Ngoja nieleze, manake ukielewa hapa utaelewa hata kwa nini gemu yako hukwama simu inapopakua kitu. Prosesa haifanyi mambo mia kwa wakati mmoja kama tunavyodhani. Kila kori hushika kazi moja, huifanya kwa milisekunde chache, huiweka chini, hushika nyingine. Huzunguka kwa kasi hadi macho yetu yaamini kwamba zote zaenda pamoja. Anayesema "sasa wewe, sasa yule" ni sehemu ya keneli inayoitwa skejula. Keneli ni kile kiini cha mfumo, kinachokaa kati ya programu na vyuma. Simu zote za Android zimejengwa juu ya keneli ya Linux, kwa hivyo uwe Kibokoni, Kongowea au Buruburu, zamu zako zagawanywa na msimbo huo huo.

Katika Linux kila kazi ina nambari ya upole, kuanzia -20 mpaka 19. Kubwa maana yake mpole, hupisha wenzake. Ndogo maana yake hapishi mtu. Kila nambari ina uzito wake. Kazi ya kawaida, iliyo kwenye 0, ina uzito 1024. Ya -10 ina uzito 9548. Kori ikigombaniwa na hizi mbili, piga hesabu mwenyewe: katika kila sekunde kumi, tisa zilikuwa za harusi yangu na moja ilikuwa ya yule msichana. Kurenda kulikuwa kumejaza kori zote mbili, kwa hivyo brauza haikuwa na pa kukimbilia. Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Data ilikuwa ikifika kwenye mashine yangu na kukaa mlangoni, hakuna wa kuifungulia.

Hili nililijua wiki mbili baadaye. Nilikuwa nasoma kwa nini mashine huganda, nikakutana na lile jedwali la uzito, nikaiona -10 yangu. Wallahi nilihisi baridi.

Tangu siku hiyo nikashikwa na ugonjwa wa kusoma mabadiliko ya skejula. Wenyewe huyaita viraka, kama kiraka cha nguo: kipande kidogo cha msimbo, mistari iliyotolewa ina alama ya kutoa, iliyoongezwa ina alama ya kujumlisha, na juu yake maelezo ya kwa nini. Mimi si mtaalamu wa lugha ya C. Mengi hunipita. Lakini maelezo ya juu na maswali ya wakaguzi huwa nayaelewa, manake ni yale yale ya kaunta. Umempisha nani? Nani kachelewa kwa sababu hiyo? Umepima, au wahisi tu?

Niwape visa vitatu.

Cha kwanza ni cha daktari. Con Kolivas ni Muaustralia, kazi yake ni daktari wa kutia watu usingizi wakati wa upasuaji. Hakuajiriwa kuandika keneli. Lakini alikuwa na kompyuta ya nyumbani kama mimi na wewe, na alichoka kuona muziki ukikatika kila mashine inapopata kazi nzito. Akaandika skejula yake, wazo lake kuu likiwa kila kazi ipate haki yake, basi, bila mahesabu ya kubahatisha nani anahitaji zaidi. Watu wa kompyuta za kawaida wakaipenda. Mwaka 2007 Ingo Molnár, aliyekuwa mwenye sehemu hiyo ya keneli, akaandika yake ya haki, iitwayo CFS, na akamtaja Kolivas hadharani kwamba ndiye aliyeonyesha njia hiyo yawezekana. Iliyoingia ni CFS, kwenye Linux 2.6.23. Kolivas akaacha. Miaka miwili baadaye akarudi na skejula nyingine, akaitunza pembeni, nje ya keneli rasmi.

Kila nikikisoma kisa hiki nagawanyika. Upande mmoja, msimbo unaobebwa na dunia nzima wataka mtu atakayekuwepo kesho kuurekebisha, si mwenye wazo zuri pekee. Upande mwingine, aliyesikia muziki ukikatika alikuwa daktari nyumbani kwake. Walioshughulika na sava kubwa hawakuwa wakiusikia. Bila mtu kama yeye kulalamika, nambari zote zingesema mambo ni shwari.

Cha pili ni cha mwaka 2010. Mike Galbraith aliandika kiraka kidogo, mistari mia mbili na kitu. Tatizo lilikuwa hili: haki ilikuwa yahesabiwa kwa kazi moja moja. Ukifungua kazi 64 za kutengeneza programu na video moja ya kutazama, mgao ni sehemu 65, na video yapata moja. Ni kama familia moja ije saiba na watoto kumi, kila mtoto ashike nafasi yake kwenye laini, na wewe uliyekuja peke yako uhesabiwe mtu mmoja tu. Kiraka kikasema: tuwahesabu kwa kikao. Zilizofunguliwa pamoja ni nyumba moja, nyumba moja ni fungu moja. Linus Torvalds mwenyewe alikifurahia, na kikaingia.

Kwa nini hakikumwokoa msichana wangu? Kwa sababu video na brauza nilizifungua mimi, kwenye kikao kimoja. Kwa macho ya skejula zilikuwa watoto wa nyumba moja, na ndani ya nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa nimempa mmoja sahani tisa.

Cha tatu ndicho cha peji moja. Mwaka 1995 Ion Stoica na Hussein Abdel-Wahab waliandika karatasi ya kitaalamu kuhusu njia ya kugawa zamu iitwayo EEVDF. Ikalala miaka 28. Mwaka 2023 Peter Zijlstra akaiingiza katika Linux 6.6, ikachukua nafasi ya hesabu ya zamani ya CFS.

Yafanyaje? Chukua saiba yetu. Kila mteja ana daftari lake la deni: je, ameshapata zaidi ya haki yake, au bado anadai? Anayedai ndiye anayeruhusiwa kusimama kaunta. Aliyezidisha akae kwanza. Halafu kati ya wanaoruhusiwa, anachukuliwa yule ambaye muda wake wa mwisho uko karibu, na mwenye ombi dogo muda wake huwa karibu zaidi. Kwa hivyo mwenye peji moja, kama hajala haki ya mtu, apita mbele ya mwenye tasnifu ya kurasa 200. Hapewi zaidi, anapewa mapema. Na akirudi tena, "nimesahau nyingine, ni moja tu," na tena, na tena, daftari linaonyesha amezidisha, hasimami tena mpaka wenzake wafikie.

Nilicheka peke yangu nilipolielewa hilo. Miaka yote nilikuwa nawachukia watu wa peji moja, kumbe nusu yao walikuwa na haki. Kilichokosekana saibani ni daftari.

Halafu kuna wajanja. Kazi iliyozidisha ingeweza kulala kidogo, kutoka nje ya laini, kisha ikaamka na kurudi kama mgeni asiye na deni. Si mwajua wale? Atoka nje kama anajibu simu, arudi na uso mpya. Hilo liliandikiwa viraka, na tangu Linux 6.12 ya mwaka 2024 kazi yenye deni ikilala bado yabaki kwenye hesabu mpaka deni liishe. Yaani mtu alikaa chini na kufikiria: kanuni yetu ni nzuri, sasa je, mwenye kutaka kuikwepa atapitia wapi? Mimi huo ndio naita ukaguzi.

Na usidhani wakaguzi huona kila kitu. Mwaka 2016 watafiti walichapisha karatasi kuhusu skejula ya Linux, wakaonyesha hitilafu nne zilizofanya baadhi ya kori zikae bure huku kazi zimejipanga kwenye kori nyingine. Jina la karatasi lilizungumzia muongo mzima wa kori zilizopotea. Yafikirie Likoni: feri moja imefunga milango watu wakiminyana, na pembeni nyingine imetia nanga, tupu, nahodha angoja abiria ambao hakuna aliyewaambia waende kule. Mashine haikuzima wala haikutoa onyo lolote. Ilikuwa polepole tu, na watu wakazoea kwamba ndivyo ilivyo.

Hapo ndipo nilipojiona tena. "Ni mtandao" ni jibu la watu waliozoea. Mombasa twalisema kila siku, kwenye benki, kwenye ofisi, kwa duka la mpesa. Mara nyingi ni kweli. Lakini ni jibu tamu sana kwa anayelitoa, kwa sababu mtandao hauna mama wa kuja kuuliza maswali.

Basi nikaamua kurekebisha. Nikaandika skripti ndogo kwa ile kompyuta ya kaunta: mteja akikaa, video yashushwa mpaka 19, uzito 15 peke yake. Akiondoka, yarudishwa 0. Nikaijaribu mara moja, ikafanya kazi, nikataka kumwonyesha ami nimemaliza. Kabla ya hapo nikampa rafiki yangu mmoja wa Majengo aisome, yeye huangalia sava za kampuni. Tulikaa barazani na kahawa chungu, akaisoma kimya, mistari kama thelathini hivi, dakika ishirini nzima.

"Hii umeiendesha kama msimamizi?" akaniuliza.

"La, kama mtumiaji wa kawaida. Nliogopa kuharibu kitu."

"Vizuri. Sasa niambie, itapandaje?"

Sikumwelewa. Akanifafanulia: kwenye Linux mtumiaji wa kawaida aruhusiwa kushusha kazi yake wakati wowote, lakini kuipandisha tena hawezi bila ruhusa ya msimamizi. Skripti yangu ingemshusha mwenye video mteja wa kwanza anapokaa asubuhi, na ingemwacha chini siku nzima. Mimi niliijaribu kwa kushusha tu. Kupandisha niliamini.

"Kushuka ni ruhusa ya kila mtu," akasema. "Kupanda ni kwa mwenye ufunguo."

Nikacheka, lakini mtu aliyeacha chuo hawezi kuisikia sentensi hiyo bila kuihisi.

Akaniuliza maswali mengine mawili. Umepima kabla na baada? Na ikiharibika usiku wewe hupo, ami yako ataizimaje? Sikuwa na jibu hata moja. Nikarudi nikaandika upya. Mwishowe ikawa fupi kuliko ya kwanza: video yaanza ikiwa kwenye 19 na yabaki hapo hapo. Nikapima siku tatu. Nilidhani itachukua milele, lakini brauza muda mwingi huwa imelala ikingoja mtu asome na achape, na mwenye 19 huokota vyote vinavyobaki. Wateja hawakuhisi chochote. Video zangu zikachelewa kidogo siku zenye watu wengi, nami nikajifunza kutomwahidi mtu asubuhi.

Jambo moja zaidi kuhusu viraka vya keneli. Kila kiraka hubeba jina la aliyekiandika na jina la aliyekipitisha. Kama kinarekebisha hitilafu, mara nyingi kuna mstari unaotaja badiliko lipi hasa lililoileta. Si kwa ajili ya kumwaibisha mtu. Ni ili wote waliochukua badiliko lile wajue nao wanahitaji dawa.

Mimi nilikuwa nimerekebisha bila kuandika mstari huo.

Miezi miwili baada ya ule usiku nikamkuta yule mama Marikiti, anachagua nyanya. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba. Nilitaka kupita. Nikasimama, nikamwambia yote. Kwamba haukuwa mtandao, kwamba nilikuwa na kazi yangu nyuma ya skrini na nilikuwa nimeipa zamu ya binti yake, na kwamba sikujua usiku ule lakini nilijua baada ya wiki mbili na nikanyamaza.

Aliendelea kuchagua nyanya kwa muda. Halafu akasema, taratibu, bila hasira niliyokuwa nimejiandaa nayo:

"Ungeniambia hizo wiki mbili. Mwalimu wake alinambia kuna barua ya rufaa, lakini yataka sababu. Mimi nilisema sababu hatuna, ni mtandao tu. Mtandao wa kila mtu, nikaona ni kudra."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwambia dirisha la maombi litakapofunguliwa tena aje saibani, hatalipa kitu. Akasema inshallah, akaenda zake.

Walikuja, mwaka uliofuata. Nilizima kila kitu kwenye ile kompyuta, hata muziki wa ami. Dakika kumi na moja, cheti, fomu, picha, tuma. Binti hakunitazama sana, na sikumlaumu. Mamake aliniuliza kama safari hii imeingia kweli. Nikageuza skrini nikampa asome mwenyewe.

Basi hiyo ndiyo stori yangu. Kama wewe ndiye uliyekaa mahali unapogawa zamu, kaunta, steji, ofisi, au skrini ya msimbo, nakuuliza swali moja tu. Mara ya mwisho uliposema ni mtandao, uliangalia?